Asilimia Tisini na Moja

Kazini walimwita Pua, na hawakumsingizia. Asubuhi angesimama mlangoni mwa maabara, mkoba bado begani, akunje uso na kusema, "Kuna mtu ameacha nyanya kwenye droo," na kweli, droo ya tatu kutoka chini, nusu nyanya imeota manyoya. Alikuwa mtu wa kinyaa tangu utotoni. Hakunywea kikombe cha mtu hata kioshwe mara tatu mbele ya macho yake, na kitasa cha mlango alikishika kwa ncha ya kitambaa. Ilikuwaje mtu wa namna hiyo akaajiriwa kupima majani ya watu, Mungu ndiye ajuaye, maana majani ya watu huja na mambo yake: nywele, mavi ya panya, na siku moja jino.

Maabara ilikuwa chumba kimoja kirefu juu ya duka la mabomba. Dirisha moja, halifunguki. Sinki lenye doa la manjano ambalo Pua alilisugua miaka minne bila kulishinda. Mwenye maabara walimwita Daktari, ingawa hakuwa wa kutibu. Alikuwa daktari wa vitabu, na hata mafua yake mwenyewe alikuwa akiyapeleka kwa wengine. Wafanyabiashara walimletea mdalasini, karafuu, mrehani, mchaichai, nanaa, tangawizi iliyokaushwa, wakitaka karatasi yenye mhuri ya kusema kwamba kitu chao si cha kutia ladha tu.

Pua alipima mambo mawili. La kwanza alilipenda. Hewa ile ile inayoharibu mafuta jikoni hufanya vurugu ya namna yake mwilini, na yapo majani yanayoizuia. Wasomi huita nguvu hiyo antioksidanti. Kuipima, ulichukua maji ya zambarau iliyokoza, ukadondoshea maji ya majani, na kadiri majani yalivyokuwa na nguvu ndivyo zambarau ilivyofifia hadi kuwa manjano. Karafuu iliimaliza zambarau kabla hujapepesa macho. Kazi safi, yenye harufu ya spiriti tu, na Pua angeifanya mpaka kustaafu bila kulalamika.

La pili lilimtia kichefuchefu. Ndani ya mate kuna kimeng'enya kinachokata wanga kuwa sukari. Yapo majani yanayokifunga mikono kimeng'enya hicho, sukari ikaingia kwenye damu polepole, na mwenye kisukari akapata nafuu kidogo. Kulipima, ulichanganya maji ya wanga, kimeng'enya na maji ya majani, ukasubiri, kisha ukadondosha ayodini. Ayodini ikikutana na wanga huwa bluu. Bluu ikipotea, kimeng'enya kimekula wanga wote na majani hayana lolote. Bluu ikibaki, majani yamekizuia. Shida ilikuwa moja: kimeng'enya kisafi kiliagizwa kutoka mbali, na mwezi ule kilikwisha.

"Mate ni mate," Daktari alisema. "Tumieni ya kwenu."

Basi kila asubuhi mlinzi wa mlangoni, mtu mwenye mate mengi na moyo wa kujitolea, alipanda ngazi na kutema kwenye kikombe cha kioo, tena kwa sauti. Pua alikipokea ameangalia ukutani. Povu juu, uzi katikati, na siku nyingine chembe ya mkate. Alikichuja, akakizimua kwa maji, akawa anameza mate yake mwenyewe kwa shida siku nzima.

Katika hali hiyo ndipo alipokuja Mzee Vifurushi. Alikuwa mfungashaji, mtu wa marashi mengi na viganja laini, aliyeleta chupa ya plastiki iliyojaa unga wa kijivujivu. Aliuita Majani Saba. Majani gani hayo saba, hakutaja. Alisema ni siri ya ukoo.

"Binti yangu, ukiupima huu utanikumbuka," alisema.

Na kweli alimkumbuka. Pua alifungua kifuniko, na harufu ikamrukia usoni: gunia lililolowa, mkojo wa panya, na chini yake kitu kizito kama soksi ya mtu mgonjwa. Alichota vijiko viwili huku amebana pumzi, akauchemsha kwa maji kama chai, na mvuke ukaijaza maabara yote isiyofunguka dirisha. Alipouchuja kwa kitambaa, ute wa kijivu ulining'inia kwenye kingo za kitambaa ukakataa kudondoka. Alikimbilia sinki mara mbili.

Kulikuwa na sheria ya kazi, naye ndiye aliyekuwa akiwafundisha wengine. Kila unga ulipimwa kwa mrija mmoja zaidi wa kioo, uliokuwa ukiitwa mrija tupu: maji ya majani na ayodini, basi, bila wanga, bila mate. Huo ulikuonyesha kama majani yenyewe yanakuja na bluu yao mfukoni. Majani ya kweli karibu kila mara hayakuwa nayo. Mwaka mzima Pua alikuwa ameandika "hakuna rangi" kwenye safu ya mrija tupu, mstari baada ya mstari. Siku ile maji aliyochuja yalitosha mirija ya kwanza tu. Ili kupata mrija tupu, ilibidi afungue chupa tena, achemshe tena, achuje ule ute tena.

Hakufanya hivyo. Aliifunga chupa, akaitia kwenye mifuko miwili ya plastiki, akafunga fundo, akanawa mikono hadi viwiko. Kisha akachukua kalamu akaandika: hakuna rangi. Ilimchukua muda mfupi kuliko kupiga chafya.

Jibu lilitoka: kimeng'enya kimezuiwa kwa asilimia tisini na moja. Hata mdalasini wa kwanza kwa ubora haukuwahi kufika hapo.

"Lakini kwenye zambarau haukufua dafu," Pua alimwambia Daktari. "Umefifisha kidogo mno. Inashangaza."

"Kila mmea na kipaji chake," Daktari alisema, na tayari mkono wake ulikuwa unatafuta mhuri. "Tia sahihi hapa."

Akatia.

Nyumba ya mama yake ilikuwa upande wa pili wa mji, vyumba viwili na baraza ya saruji, na Pua hakuwa amefika huko kwa karibu miezi miwili. Kazi, alisema. Ukweli ni kwamba mama yake alikuwa akiishi na Mama Mdogo, mdogo wake wa tumbo moja, na Mama Mdogo alikuwa mwanamke anayekula huku anaongea na kukupangusa mdomo kwa kidole chake mwenyewe. Jumapili ile Pua alijikaza kisabuni akaenda.

"Huyo, huyo, mpimaji wetu!" Mama Mdogo alipiga kelele kabla Pua hajavua viatu. "Njoo uone nchi inavyokujua!"

Juu ya meza kulikuwa na vifurushi sita vya Majani Saba, vimepangwa kama vikombe vya ushindi. Kila kimoja kilikuwa na namba 91 kubwa nyekundu, na chini yake mhuri wa maabara na sahihi ya Pua, imechapishwa hadi ule mkia aliokuwa akiuvuta mwishoni. Mama Mdogo alikuwa amewauzia maneno majirani wote. Kisukari kimepata mbabe wake, alikuwa akiwaambia, na aliyempima ni mwana wetu, tumemlea kwa mikono hii.

Mama yake alikuwa ameketi kwenye kochi, khanga magotini, uso umeingia ndani.

"Mama, umekonda."

"Sukari inatoka," alijibu Mama Mdogo kwa niaba yake. "Vijiko vitatu vikubwa, kutwa mara tatu. Siku ya arobaini leo."

"Na vidonge vyako?"

"Vidonge vya nini tena?" mama yake alisema, na akacheka kwa fahari, taratibu, kama mtu aliyechoka kupanda ngazi. "Miaka tisa vinanichoma tumbo. Nimeviacha. Wengine wanameza dawa za watu wasiowajua. Mimi yangu ina sahihi ya mwanangu."

Pua alifungua mdomo ajibu, na hapo ndipo harufu ilipomfikia. Haikutoka kwenye vifurushi. Ilitoka chini, kwenye miguu ya mama yake. Tamu na iliyooza, kama nyama iliyosahauliwa ndani ya gari lililofungwa juani. Alitazama. Mguu wa kushoto ulikuwa ndani ya soksi nene, na kwenye vidole soksi ilikuwa imelowa rangi ya chai.

"Nilijikwaa tu," mama yake alisema.

"Ndiyo sumu zinatoka," Mama Mdogo aliongeza. "Dawa ikifanya kazi lazima uchafu utafute mlango. Mimi namsafisha kwa ayodini kila asubuhi."

Pua alitoka nje. Alifika kwenye mfereji wa maji machafu, akainama, akatapika chai yote ya asubuhi na uchungu uliokuwa chini yake. Aliporudi, mama yake alikuwa amejaribu kuuficha mguu chini ya khanga, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Hata mimi unanionea kinyaa?"

Hakuna neno lililowahi kumkata maini namna hiyo. Alipiga magoti akaivuta soksi. Ilikuwa imegandamana na nyama, ikaja na kitu chake. Kidole kidogo kilikuwa cheusi, cha pembeni yake kinaelekea huko huko, na katikati palikuwa na shimo lenye usaha wa kijani. Funza hawakuwepo, ndicho kitu pekee alichoweza kushukuru. Akajichukia kwa kila pumzi aliyoibana.

"Tunakwenda hospitali sasa hivi."

"Siendi. Watanirudisha kwenye vidonge."

"Mama, huu unga haukusaidii!"

"Unamtukana nani?" Mama Mdogo alikuja juu. "Karatasi uliandika wewe. Au uliandika ukiwa usingizini?"

Pua alichana kifurushi kimoja kwa meno. Harufu ni ile ile, gunia na panya, ila safari hii hakugeuza uso. Aliumwaga unga kidogo juu ya sahani nyeupe. Akachukua ile chupa ndogo ya kahawia waliyokuwa wakisafishia kidonda, akadondosha tone moja.

Ayodini iligusa unga ikawa nyeusi. Kisha ukingoni, ilipotawanyika, ikawa bluu iliyokoza kama wino.

Alisimama anaitazama. Alijua nini maana yake kabla akili haijapanga maneno. Bluu ile haikuwa ya kimeng'enya kilichozuiwa. Ilikuwa ya unga wa kupikia, unga mtupu uliopakwa rangi ya majani kidogo, na ilikuwa imekaa ndani ya ile chupa tangu siku aliyoifunga. Mate ya mlinzi yalikula wanga wa maabara yakashiba, na bado wanga wa Mzee Vifurushi ulikuwa umebaki mwingi ukingoja ayodini. Mrija tupu ungemwonyesha hayo yote kwa kufumba na kufumbua.

"Mbona unga umekuwa mweusi?" mama yake aliuliza.

Pua alikwenda jikoni akarudi na unga wa kupikia wa nyumbani na jani kavu la mrehani. Akadondoshea vyote. Unga wa jikoni ukawa mweusi. Jani likabaki na kahawia ya ayodini, basi.

"Ni unga," alisema. "Umekuwa ukinywa unga, Mama. Unga wa kufagiwa sakafuni, na mkojo wa panya."

Mama Mdogo alijishika mdomo. Alikuwa naye akinywa, vijiko viwili kila asubuhi, kwa ajili ya ngozi. Alikimbilia nje, na wakamsikia kule kwenye mfereji.

Mama yake hakukimbia. Aliitazama sahani, uso wake ukakaza.

"Mwizi yule," alisema. "Alikuletea majani mazuri upime, kisha akaenda kufungasha unga. Amelitumia jina la mwanangu!"

Pua alitakiwa kusema ukweli hapo. Mlango ulikuwa wazi, mama yake mwenyewe ameufungua. Badala yake alisema, "Tutafute gari."

Wakiwa wanangoja gari barazani alimpigia Daktari simu, akasogea pembeni akamweleza yote, hadi ule mstari wa "hakuna rangi" aliouandika bila kupima. Upande wa pili Daktari akakohoa.

"Sikiliza. Alituletea majani mazuri, akauza unga. Ndivyo ilivyokuwa. Kumwaga mtama hakutamponya mama yako."

"Vifurushi viko madukani, Daktari."

"Na sahihi ni yako, siyo yangu."

Alikata. Pua alibaki na simu sikioni. Kilichomtia kinyaa zaidi ni kwamba yule mtu na mama yake walikuwa wamesema uongo mmoja, karibu neno kwa neno, mmoja kwa hila na mwingine kwa mapenzi, na wote wawili walikuwa wamemtandikia yeye mahali pa kulala.

Hospitali walipokewa na tabibu mmoja mwanamke, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Aliufunua mguu bila kukunja uso hata kidogo. Alikibonyeza kidonda, akakinusa kwa makusudi, akauliza kilianza lini. Pua alimwangalia akaona haya.

Kipimo cha sukari kilipotoka, tabibu alivua miwani.

"Vidole viwili haviponi," alisema. "Tukivikata leo, nafikiri mguu utabaki. Tukingoja hadi keshokutwa, sitakuahidi hata goti." Akamgeukia mama yake. "Bibi, nani alikuambia uache vidonge?"

"Hakuna," mama yake alisema haraka. "Ujinga wangu wa uzee."

Lakini Mama Mdogo alikuwa amekuja na kifurushi, akakitoa kwenye mkoba. Tabibu alikichukua kwa vidole viwili. Hakushangaa.

"Huyu ni mgonjwa wa tano wa unga huu wiki hii. Mmoja tumemzika jana." Alikigeuza akasoma. "Unga wenyewe usingemfanya mtu hivi. Ni vidonge wanavyoviacha. Na wanaviacha kwa sababu ya namba hii hapa. Huyu aliyetia sahihi sijui ni mtu wa namna gani."

Mama yake alinyoosha mkono kitandani akaukamata mkono wa Pua, akaubana kwa nguvu ambayo mgonjwa hakutarajiwa kuwa nayo.

"Huyo aliyetia sahihi alidanganywa," alisema, sauti inapanda. "Alipimishwa majani mazuri. Mwizi ni mfungashaji. Yule mpimaji hana kosa, usije ukamwandika vibaya, nakuomba. Ni mtu msafi sana."

Tabibu alichukua kalamu. "Kama ni hivyo nitaandika mfungashaji alibadilisha bidhaa baada ya kupimwa. Polisi watamtafuta yeye." Kalamu ikagusa karatasi.

Kwa kitambo Pua aliiona njia yote ilivyonyooka. Mfungashaji angekamatwa, naye alistahili. Daktari angetikisa kichwa kwa masikitiko. Mhuri ungebaki, na kesho asubuhi mlinzi angepanda ngazi kuja kutema. Na bidhaa nyingine kumi zenye sahihi ile ile zingebaki madukani bila kupimwa upya, kila mtu akiziamini kwa sababu kosa lilikuwa la mwizi. Alihisi raha ya kufichwa ikimpanda kifuani, vuguvugu, na ikamchefua kuliko mate, kuliko soksi, kuliko kitu chochote alichowahi kukigeuzia uso.

"Usiandike hivyo," alisema.

"Nyamaza, mwanangu," mama yake alisema.

"Mpimaji ni mimi. Hakubadilisha kitu. Unga ulikuwa humo tangu siku ya kwanza." Alikuwa anamtazama tabibu, maana hakuweza kutazama kwingine. "Kuna kipimo kimoja kingeonyesha. Dakika kumi tu. Sikukifanya, nikaandika kwamba nimekifanya."

"Kwa nini?" tabibu aliuliza. Kalamu ilikuwa bado juu ya karatasi.

Alitafuta sababu inayomfaa mtu mzima. Uchovu, mashine mbovu, amri ya bosi. Hakuna iliyokuja.

"Ilikuwa inanuka," alisema. "Nilishindwa kuifungua chupa mara ya pili."

Tabibu aliandika mstari mmoja, akauliza jina lake kamili, akaliandika pia.

Vidole vya mama yake vililegea kimoja kimoja mkononi mwake, hadi mkono wote ukaondoka na kurudi juu ya shuka.

"Ulishindwa kuinusa," mama yake alisema, pole pole, kama mtu anayejaribu kuelewa bei ya kitu. "Hata mara mbili tu ulishindwa. Mimi nilikuwa nikibana pua, mwanangu. Kutwa mara tatu, siku arobaini. Nilikuwa nikitapika namwambia mama yako mdogo asikuambie, usije ukaona naidharau kazi yako."

Kisha akageuza uso upande wa ukuta, akamwambia tabibu kwamba yuko tayari, wamkate.